Kiyoyozi cha Chumbani kwa Mama

Siku cherehani ilipotolewa nyumbani, aliyeibeba alikuwa mume mwenyewe. Aliikumbatia kifuani kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala, akapita nayo sebuleni mbele ya mkewe, mshonaji mwenye cherehani, macho yake yakikitazama kizingiti, eti asije akajikwaa. Kizingiti hicho alikuwa akikivuka kila siku ya maisha yake bila hata kukumbuka kwamba kipo.

Nyuma yake alifuata wifi mtu, aliyehamia pale kumwuguza mama yao aliyetoka hospitali, mikono kiunoni, akitoa amri kama mwenye nyumba.

"Na yale mabaki ya vitambaa. Na ule mfuko wa nyuzi. Toa vyote, kaka. Si daktari amesema kuna kitu humu ndani kinamuua mama?"

"Hakusema kinamuua," mshonaji alisema kwa sauti ya chini. "Alisema kuna kitu mama anakivuta kwenye pumzi. Aliuliza kama tuna vumbi, au ukungu, au tunafuga mnyama."

"Ehe! Vumbi! Sasa vumbi la nyumba hii linatoka wapi kama si kwenye vitambaa vyako? Mimi nina saluni, wifi yangu. Najua nywele zinavyoruka, na kitambaa nacho kinaruka vilevile."

Mshonaji alimtazama mumewe, akingoja neno moja tu kutoka kwake. Mume huyo alikuwa fundi wa viyoyozi na majokofu, mtaa mzima ukimwita Fundi bila kuongeza kitu, na kazi yake ya kila siku ilikuwa hewa ya nyumba za watu. Kama kulikuwa na mtu wa kusema jambo juu ya vumbi na pumzi, na dada yake akasikiliza, ni yeye.

"Tuitoe kwanza, mke wangu," Fundi alisema. "Mama akipata nafuu, tutaona."

Chumbani, mama alikohoa. Kilikuwa kikohozi kirefu, kikavu, cha mtu anayeanza kwa kusafisha koo na kuishia kuitafuta pumzi asiione. Wote watatu walisimama walipo, cherehani ingali kifuani kwa Fundi, mpaka kilipokatika. Kisha wifi akamkata mshonaji jicho refu, kana kwamba kikohozi kile kimetoka mfukoni mwake.

Cherehani iliwekwa kwa jirani, kwenye baraza nyembamba, baina ya mapipa ya maji na baiskeli isiyo na gurudumu la mbele. Jirani alikuwa mwanamke mwema, lakini wema wake ulikuwa na maswali mengi. Kabla jua halijazama, mtaa ulikuwa umeshaipata habari, tena imeongezwa chumvi. Mteja mmoja aliyekuwa ameleta kitambaa cha sare za kwaya alifika, akasimama mbali kidogo, akavuta ncha ya mtandio hadi puani.

"Nimesikia vitambaa vyako vimemlaza mama mkwe hospitali. Ni kweli?"

"Vitambaa vyangu?"

"Sisemi mimi. Ndivyo wanavyosema." Akanyoosha mkono. "Nirudishie tu kile changu. Nyumbani nina mtoto mchanga."

Mshonaji alikikunja kitambaa cha watu vizuri, pembe kwa pembe, akamrudishia. Alitabasamu mpaka mteja alipopinda kona. Baada ya hapo alikaa mbele ya cherehani bila kushona chochote, mikono mapajani, akimeza machozi asionekane na watu waliokuja kuchota maji kwenye mapipa.

*

Kiyoyozi cha chumbani kwa mama kilikuwa fahari ya nyumba. Fundi alikipata kutoka ofisi moja iliyokuwa ikihama, akakibeba kwenye pikipiki, akakifunga kwa mikono yake juu ya kitanda cha mama yake, kisha akaziba pande zote za dirisha kwa utepe mpana ili baridi isipotee. Mama, aliyekuwa amelalamikia joto tangu enzi na enzi, alilia siku ile kilipowashwa. Kila mgeni aliyekuja kumjulia hali alikalishwa chini yake kwanza, atake asitake. "Sikia," mama angesema, akikielekezea kidole. "Baridi ya mwanangu hiyo. Wengine wana watoto mameneja, mimi huyu wangu kanifungia hewa." Na mgeni angekaa pale akitetemeka kwa heshima.

Lakini tangu mama arudi kutoka hospitali, mshonaji alianza kuona jambo ambalo mwanzoni lilimuudhi. Kila asubuhi, Fundi akishaondoka na pikipiki yake na wifi akishakwenda kuitazama saluni, mama mkwe alikuwa akijikokota mpaka jikoni, anavuta kigoda na kukaa. Mshonaji alidhani amekuja kumkagua. Mama mkwe akikaa jikoni kwako akatulia, huna budi kujiuliza chumvi imezidi wapi.

"Mama, huku kuna joto. Daktari alisema upumzike."

"Nimechoka kupumzika. Nipe hayo maharage nikuchambulie."

Basi wakachambua maharage. Sufuria ilichemka, mvuke ukajaa, jasho likamtiririka mama kwenye mashavu, naye hakukohoa. Alimsimulia mkwewe habari za shangazi yake aliyeolewa na bwana mwenye wivu mpaka akawa anamfungia viatu kabatini, wakacheka wote wawili, na hata katika kucheka mama hakukohoa. Mshonaji aliliona hilo, akaendelea kukata vitunguu.

Mchana pikipiki ilisikika mbali, mwanzo wa mtaa. Ilikuwa na mlio wake, mlio wa kitu kilicholegea, hakuna aliyeweza kuukosea. Mama aliweka sinia la maharage chini papo hapo, akainuka kwa kushika ukuta.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Chumbani kwangu."

"Si nimalizie kukupikia chai?"

"Utaniletea huko."

Akaenda haraka kuliko mgonjwa anavyopaswa kwenda. Mshonaji alimsikia akiifungua nailoni aliyoivisha rimoti, kisha mlio mdogo wa kiyoyozi kuwaka. Fundi alipoingia na kisanduku chake cha vifaa, alimkuta mama yake amelala chali, amejifunika hadi kidevuni, kiyoyozi kikimpulizia usoni.

"Baridi imekutosha, mama?"

"Imenitosha, mwanangu. Mungu akubariki," mama alisema, na kabla hajamaliza kumbariki kikohozi kilimshika.

*

Siku iliyofuata mshonaji alibadilisha shuka la mama. Lilikuwa jeupe, alilitandika kwa mkono wake jana yake, na tayari upande wa kichwani lilikuwa na vidoa vyeusi, vidogo kama pilipili manga iliyosagwa. Vidoa kama hivyo wifi alikuwa ameviona kabla, akauliza mbele ya wageni, "Na shuka hili, wifi, ulilifua au ulilionyesha maji tu?" Watu walicheka. Mshonaji naye alicheka, kisha akalifua lile shuka mara ya pili mpaka vidole vikachubuka.

Sasa aliinama, akavigusa. Havikuwa vumbi la nguo, maana vumbi la nguo alilijua kuliko wengi, hulikung'uta na kulipuliza kila siku. Hivi vilipakaa kidoleni kama masizi yenye unyevu. Akatazama juu.

Alivua viatu, akapanda kitandani, akawasha tochi ya simu na kuimulika ndani ya mdomo wa kiyoyozi, nyuma ya vile vibao vinavyopanda na kushuka. Kwa nje kilikuwa cheupe, safi, kinang'aa. Kwa ndani, ile feni ndefu inayozunguka ilikuwa imeota manyoya meusi, kila jani lake, mwanzo hadi mwisho. Ukungu ulikuwa umeshika kuta za ndani pia, mweusi mahali fulani na wa kijani mahali pengine, na chini kabisa maji yametuama yakimetameta. Alisogeza pua. Kwanza aliipata harufu ya waridi, ile ya manukato ya kopo. Chini ya waridi ikaja harufu yenyewe, harufu ya tambara la kupigia deki lililosahauliwa ndani ya ndoo.

Alishuka kitandani taratibu, akaketi ukingoni mwake. Kopo la manukato ya waridi alilifahamu, lilikaa kwenye kisanduku cha vifaa cha mumewe.

*

Alimngojea uani, jioni, wakati Fundi akinawa mikono kwenye beseni. Wifi alikuwa sebuleni akipiga soga kwa simu.

"Kiyoyozi cha mama ulikiosha lini?"

"Wiki ile kabla hajalazwa. Kwa nini?"

"Ulikiosha, au ulikipaka poda?"

Mikono ya Fundi ilisimama ndani ya maji. Neno hilo lilikuwa lake mwenyewe. Ndilo alilokuwa akilitumia, akicheka, kuwasimanga mafundi wavivu wanaofuta kifuniko, wanasuuza chujio la mbele, wanapuliza manukato kwa ndani, wanampa mteja rimoti na kuondoka. Mteja ananusa waridi, anafurahi. Kukishusha kiyoyozi, kukifungua na kuitoa feni ili ioshwe ni kazi ya kutwa nzima, na ya uchafu.

"Unanifundisha kazi yangu?"

"Nimemulika kwa tochi. Njoo nikuonyeshe."

"Punguza sauti."

"Sauti yangu iko chini. Wewe ndiye unayeogopa kusikiwa."

Fundi aliangalia mlango wa sebuleni, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, na ghafla akaonekana mtu mzee.

"Ni bomba la maji," alisema. "Kiyoyozi kikipoza hewa kinatoa maji, na maji yanatakiwa yashuke nje. Mwenye nyumba ya nyuma alikataa yadondoke kwenye ukuta wake. Nikalipandisha bomba juu ya dirisha, lizunguke mpaka bafuni. Maji hayapandi mlima, mke wangu. Yanabaki mle ndani."

"Ulilijua hilo?"

"Nililijua siku ile ile nilipolifunga. Mama alikuwa analia kwa furaha, amenishika mkono. Nikasema nitarudi kulitengeneza."

"Mbona hukurudi?"

"Kazi za watu zilinibana. Kila nikipita nilipuliza ile dawa ya harufu, nikajiambia wiki ijayo."

"Na daktari alipouliza kuna ukungu?"

Mshonaji alihisi hasira ikimpanda kutoka miguuni. Mtu huyu alisimama mbele ya daktari, akalisikia neno ukungu likitajwa, akarudi nyumbani na kuibeba cherehani ya mkewe mpaka kwa jirani.

"Mwambie dada yako. Sasa hivi."

"Dada? Ukimwambia dada umeshaiambia saluni nzima, na saluni ikijua hakuna asiyejua. Nani ataniita tena nimfungie kiyoyozi, kama nimemlaza mama yangu mwenyewe hospitali kwa mikono hii?"

"Na mimi nani ataniletea kitambaa?"

Fundi aliinamisha kichwa. "Nipe mpaka Jumapili. Jumapili dada anarudi kwake. Nitakishusha, nitakiosha, bomba nitalielekeza upya. Mama hatajua, dada hatajua. Cherehani nitairudisha mwenyewe. Nakuomba."

Angekataa, hadithi ingekuwa fupi. Lakini alikuwa amemwona mumewe akiaibishwa mara nyingi na watu wenye pesa zao, wakimwacha mlangoni na kisanduku chake kana kwamba hasikii, na hakupenda kuwa mmoja wao. Akapiga moyo konde.

"Kizimwe basi. Mpaka hiyo Jumapili, kisiwashwe hata kidogo."

"Kitazimwa."

"Niapie."

Akaapa. Na mshonaji naye, kuanzia saa hiyo, akawa mmoja wa wenye siri.

*

Kesho yake kiyoyozi kilikuwa kimezimwa, Fundi akisingizia kwamba umeme unapanda na kushuka na unaweza kukiharibu. Mama aliamka amechangamka, akanywa chai yote. Mshonaji alimwacha jikoni juu ya kigoda, mlango wa uani wazi, akaenda barazani kwa jirani kumalizia sketi ya mteja pekee aliyekuwa amebaki.

Hakujua kwamba siku hiyo wifi angerudi mapema. Wifi aliingia, akamkuta mama yake jikoni, jasho linamtoka, anachambua maharage. Kwa mtu aliyeacha nyumba yake kuja kumwuguza mama, ilikuwa haki yake kuchukia.

"Mama! Mgonjwa jikoni? Kwenye moshi? Ndivyo anavyokutunza huyu?"

"Hajanileta yeye, nimekuja mwenyewe."

"Unamtetea! Simama, mama. Twende chumbani kwenye hewa safi."

"Huko nitakwenda baadaye."

"Kaka amejinyima akakufungia kiyoyozi, wewe unakaa jikoni kama mfanyakazi? Akikuona hivi atajisikiaje?"

Hapo mama aliweka sinia chini, akainuka, akafuatana na binti yake kama mtoto aliyekemewa. Wifi alimlaza, akafunga mlango ili joto lisiingie, akasema umeme umeshatulia, akaichukua rimoti, akakiwasha kiyoyozi na kuiongeza baridi mpaka mwisho. Kisha akaketi kwenye kiti pembeni ya kitanda, akatoa simu.

Mshonaji alikisikia kikohozi kupitia ukutani. Alikuwa amekizoea, alijua kinavyoanza na kinavyokwisha, kwa hiyo aliinua mguu kwenye pedeli na kungoja kikatike. Hakikukatika. Kilipanda, kikawa chembamba, kikageuka mluzi. Aliangusha sketi ya watu sakafuni na kukimbia.

Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, mabega yakipanda na kushuka, midomo imegeuka rangi. Wifi alikuwa akimpepea kwa gazeti. Juu yao kiyoyozi kilipuliza kwa nguvu zake zote, na chumba kizima kilinukia waridi.

"Kizime!" mshonaji alisema.

"Usikiguse! Anahitaji hewa!"

Alimsukuma. Hakuwahi kumgusa wifi yake hata kwa bahati mbaya, lakini siku ile alimsukuma kwa bega, akamshika mama mkwe chini ya makwapa na kumkokota, sebuleni, koridoni, mpaka uani. Alimkalisha kwenye kiti, akamtilia mdomoni dawa ya kuvuta aliyopewa hospitali, iliyokuwa mfukoni mwa mama. "Vuta, mama. Taratibu. Vuta tena." Wifi alikuja nyuma akipiga mayowe, anatuulia mama, jamani, anamtoa mgonjwa kwenye hewa safi anamweka juani, na majirani wakaanza kuchomoza vichwa, mmoja hapa, mmoja pale, mwishowe wakajaa mlangoni.

Hewa ilianza kumrudia mama polepole. Kwanza mluzi ulipungua, kisha mabega yakatulia. Ni wakati huo pikipiki yenye mlio wake ilipoingia.

Fundi alishuka bila kuizima. Akaona umati, akamwona mama yake kitini, mtandio umeanguka.

"Mwulize mkeo!" Wifi alikuwa analia kweli, kwa hofu na kwa uchungu. "Nimemweka mama chumbani vizuri, nimemwashia kiyoyozi, yeye amekuja kumnyofoa! Mwulize anataka nini na mama yetu!"

Watu wote walimgeukia mshonaji. Naye alimtazama mumewe. Alimpa nafasi yake, nzima nzima, mbele ya kila mtu, na moyoni alikuwa akimwomba aichukue.

Fundi alifungua mdomo. Akawatazama majirani, na miongoni mwao kulikuwa na wateja wake. Akamtazama dada yake.

"Labda..." alisema. "Labda kuna vitambaa vilivyobaki. Chini ya kitanda. Labda hatukuvitoa vyote."

Mshonaji alihisi kitu kikikatika ndani yake, kama uzi unavyokatika ukiwa umeuvuta sana. Alianza kufungua fundo la khanga aliyojifunga kiunoni, bila kujua anaifungua ya nini.

"Mwanangu."

Ilikuwa sauti ya mama, nyembamba, iliyosota kufika.

"Usiongee, mama, pumzika," Fundi alisema, akapiga magoti mbele yake.

"Nitaongea. Izime kwanza hiyo pikipiki."

Mtu mmoja akaizima.

"Huo mlio wake naujua," mama alisema. "Nikiusikia, ndipo ninapowasha kiyoyozi chako. Ukiondoka nakizima, nakuja kukaa jikoni kwa mkwe wangu. Siku nyingi sasa." Akapumzika, akavuta pumzi. "Kinanikaba, mwanangu. Nilikijua mapema, kabla ya hospitali. Harufu yake naisikia chini ya hayo marashi yako. Lakini ulikibeba mwenyewe kwa pikipiki. Nikasema, nitakohoa, si kitu, mtoto wangu asije akajua kwamba zawadi yake inaniumiza."

"Mama..."

"Nilikuwa tayari kukohoa mimi. Mkeo walipomtolea cherehani ningesema, nikakuonea huruma wewe, nikanyamaza. Nimemkosea. Na leo umesimama hapa, unamsingizia mtoto wa watu mbele yangu, na yeye ndiye aliyenitoa mle ndani." Alimshika Fundi kidevu, akamwinua uso. "Wewe unajua kilichomo. Wewe ni fundi. Nenda kakifungue."

*

Hakuna aliyeondoka. Fundi aliingia ndani na kisanduku chake, na waliokuwa uani walisikia kiti kikivutwa, bisibisi ikifanya kazi, utepe wa dirishani ukichanwa. Dirisha likafunguliwa kwa kishindo baada ya muda mrefu wa kufungwa. Kisha akatoka na kiyoyozi chenyewe mikononi, maji meusi yakimdondokea kwenye shati na viatu, akakiweka katikati ya ua, mahali palipokuwa na jua, ambapo kila mtu angekiona.

Alikifungua kipande kwa kipande. Alipoitoa ile feni ndefu, wifi alisogea, akainama, akaitazama kwa muda. Akamtazama mama yake. Akatazama mikono yake mwenyewe, iliyoshika rimoti ile muda si mrefu uliopita, akaipangusa kwenye gauni, akaipangusa tena.

"Mimi ndiye niliyekiwasha," alisema, bila kumwambia mtu.

Kisha akatoka. Aliporudi alikuwa ameibeba cherehani, amejipinda nayo, kucha zake ndefu za saluni zikikwaruza chuma. Jirani alitaka kumsaidia, akakataa. Moja ya kucha ilivunjika mlangoni, wala hakuitazama. Aliipeleka moja kwa moja mpaka chumbani kwa mama, akaiweka chini ya dirisha lililo wazi, penye mwanga wa kushonea, akabaki amesimama kando yake.

"Wifi," alisema mwishowe, mshonaji alipoingia nyuma yake.

"Nimesikia," mshonaji alijibu. Hakuwa na zaidi ya hilo siku hiyo, na wifi, kwa mara ya kwanza tangu afike, hakudai zaidi.

Mshonaji aliketi mbele ya cherehani yake. Kupitia dirishani aliweza kumwona mumewe mgongoni, amechuchumaa juani, anasugua feni kwa brashi, beseni la maji mbele yake limekuwa jeusi tii. Alikuwa hajamsamehe. Alikuwa hajui hata kama atamsamehe, wala lini. Aliokota uzi, akaulamba ncha, akajaribu kuupitisha kwenye tundu la sindano, ukakataa, akaulamba tena.

Watu walipungua, wakabaki wachache. Yule mwanamke wa sare za kwaya, aliyekuwa amechelewa kufika, alichungulia mlangoni na mtandio wake puani.

"Makubwa! Fundi, kiyoyozi cha nani hicho kichafu namna hiyo?"

"Cha mama yangu," Fundi alisema.

"Mh! Si tulisikia ni vitambaa vya mkeo ndivyo vilivyomuumiza?"

Brashi ilisimama. Fundi alikuwa ameinamia beseni, na angeweza kulijibu swali lile huko huko chini, mdomoni mwake, akajisikia mwenyewe akajihesabia amesema. Mshonaji alimwona akiinuka, maji meusi yakimchirizika kwenye viwiko, akamgeukia yule mwanamke na wote waliobaki, akapaza sauti mpaka ikafika dirishani na kupita.

"Si vitambaa," alisema. "Ni mimi."